Samuel Johnson, mwandishi aliyeanzia kitandani

Najua nimekuwa kimya, wiki nne hivi sijaandika kitu, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeacha chuo au nimeolewa. Yote mawili bado.

Mnaonijua mnajua. Mguu wangu wa kushoto ulidhoofika tangu nikiwa mtoto, natembea na gongo, na kila baada ya muda nashikwa na ile hali ambayo daktari aliiandika kwenye karatasi kwa neno moja tu: sonona. Wengi wanadhani sonona ni kulia lia. Mimi silii. Kalamu ipo, karatasi ipo, mkono upo, lakini hakuna kinachotoka kichwani kikafika mkononi. Siku zinapita hivyo hivyo.

Sasa tatizo ni kwamba mimi nataka kuwa mwandishi. Na swali lililonisumbua muhula huu wote sio mtu wa namna hii anakuwaje mwandishi mkubwa, hilo tuwaachie wakubwa. Swali langu ni dogo: anaANZAJE? Mwanafunzi wa historia akikwama haendi kwa mganga, anakwenda maktaba. Basi nikaenda, nikakutana na jamaa mmoja wa karne ya 18 anaitwa Samuel Johnson, na leo nataka niwahadithie habari zake. Kaeni mkao wa kusoma, ni ndefu kidogo.

Kwanza niweke jambo moja sawa, maana jana kwenye vimbweta tumebishana. Wanafunzi wa Kiswahili wakisikia "Kamusi ya Johnson" wanamfikiria Frederick Johnson, yule katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1939. Huyo ni mwingine kabisa. Huyu wangu ni Samuel, Mwingereza, aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755. Wote Johnson, wote kamusi, lakini kati yao kuna karibu miaka mia mbili.

Samuel alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 kwenye mji mdogo wa Lichfield. Baba yake alikuwa muuza vitabu ambaye biashara ilikuwa inamshinda shinda, mama yake alikuwa na miaka 40. Mtoto alizaliwa kwa shida, na bado mdogo akapata ugonjwa wa tezi za shingo, ule wa jamii ya kifua kikuu. Jicho la kushoto likawa karibu halioni, masikio nayo hayakubaki mazima, na walipompasua shingo akabaki na makovu ya maisha. Waingereza wa wakati ule waliamini ugonjwa ule unapona ukiguswa na mkono wa mfalme au malkia. Eti! Mwaka 1712 mama yake akampeleka mpaka London, mtoto ana miaka miwili na nusu, akaguswa na Malkia Anne na kuvishwa kipande cha dhahabu shingoni. Hakupona. Lakini kile kipande alikivaa mpaka anakufa. Mimi nilipofika hapo nilicheka kidogo halafu nikaacha, maana nakumbuka watu tuliopelekwa kwao kwa ajili ya mguu wangu. Mama mwenye mtoto mgonjwa ni yule yule kila mahali.

Halafu kukaongezeka jambo lingine. Alipokua, mwili wake ukawa una mambo yake wenyewe: kichwa kinatikisika, mikono inaruka, mdomo unatoa sauti ambazo hakuzikusudia, akipita njiani lazima aguse nguzo. Madaktari wengi wa siku hizi wanaosoma habari zake wanasema yaelekea ulikuwa ugonjwa wa Tourette, ambao ulikuja kuelezwa kitabibu mwaka 1885, yaani miaka 100 na zaidi tangu afe. Hivyo maisha yake yote hakuwahi kuwa na jina la kuwaambia watu. Walimwona tu kama kituko.

Sasa njooni kwenye sehemu inayotuhusu sisi wana chuo. Oktoba 1728, akiwa na miaka 19, akaingia Oxford, chuo cha Pembroke. Kichwa alikuwa nacho, pesa ndio hakuna. Bumu hakuna, bodi ya mikopo hakuna. Kuna mtu aliahidi kumsaidia gharama, msaada haukuja (jamani, hizi ahadi tunazijua). Viatu vyake vikatoboka mpaka vidole vikawa vinachungulia nje. Siku moja mtu mwenye huruma akamwekea viatu vipya mlangoni kimya kimya. Johnson alipoviona akavitupa kwa hasira. Nilipowasomea rumeti zangu kisa hiki, mmoja akasema jamaa ana kiburi. Mimi nilimwelewa sana. Ukiwa na mwili kama wetu unapewa huruma kila siku, kuanzia kituo cha daladala mpaka ukumbi wa lekcha, na kuna siku unachotaka ni kuulizwa kwanza. Baada ya miezi kama 13 akaondoka bila digrii, Desemba 1729.

Na mwaka ule ule wa 1729 ndipo sonona ilipompiga vizuri. Wao waliiita ugonjwa wa huzuni nyeusi. Alikuwa likizo nyumbani, akawa hawezi kitu, ana hofu kwamba anarukwa na akili. Hofu hiyo ilimfuata mpaka uzeeni. Alijaribu kupambana nayo kwa nguvu, alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Lichfield hadi Birmingham na kurudi, ni kama kilomita 25 kwenda tu. Haikusaidia. Mwisho akaandika maelezo marefu ya hali yake, kwa Kilatini, akampelekea baba yake wa ubatizo, Dk. Swynfen, ambaye alikuwa tabibu. Sasa angalieni kilichotokea. Daktari akayaona maelezo yale yameandikwa vizuri MNO, akafurahi, akaanza kuwaonyesha watu! Alidhani anamsifia kijana. Johnson alipojua aliumia, na inasemekana hawakupatana tena sawasawa.

Hapo nilifunga kitabu nikakaa kidogo. Maana kisa hiki kina mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kati ya vitu vizuri vya mwanzo alivyoandika huyu mtu kimo kimoja ambacho ni barua ya mgonjwa kwa daktari. La pili, msomaji wa barua hiyo alisoma lugha akasahau mtu. Wadau, rafiki yako akikuandikia kwamba hayuko sawa, hata kama ameandika kishairi vipi, usiipeleke kwenye grupu. Mjibu. Mfuate chumbani.

Baba yake akafa mwisho wa 1731, urithi ukawa kama pauni 20. Akapata kazi ya ualimu msaidizi Market Bosworth, akaichukia, akaacha mwaka 1732. Kisha akaenda Birmingham kwa rafiki yake wa shule, Edmund Hector, ambaye alikuwa mganga wa upasuaji. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali langu, kwa hiyo naomba msiruke.

Birmingham kulikuwa na muuza vitabu anaitwa Warren. Johnson akasema kuna kitabu kimoja alikisoma kule Pembroke, cha padri Mreno Jerónimo Lobo aliyesafiri Uhabeshi karne ya 17, kipo kwa Kifaransa, kikifanyiwa tafsiri kitauzika. Warren akakubali. Kitabu kikaazimwa. Kazi ikaanza... na sonona ikarudi. Johnson akalala. Siku zinapita, hakuna ukurasa.

Hector hakuja na mahubiri. Alimfahamu mtu wake. Akamwambia hivi: kule kiwandani mchapaji hawezi kuchukua kazi nyingine mpaka hii iishe, na familia yake inakosa riziki. Basi. Johnson hakuinuka kitandani, hakuwa na nguvu hizo. Alichofanya ni kukifungua kile kitabu kikubwa mbele yake akiwa amelala vile vile, akawa anatafsiri kwa mdomo, na Hector ameshika kalamu anaandika. Kurasa zikiisha Hector huyo huyo anazipeleka kwa mchapaji, na karatasi za majaribio zikirudi karibu zote anazisahihisha yeye. Kitabu kikatoka mwaka 1735. Jina la Johnson halikuwekwa. Malipo: gini 5, yaani pauni tano na shilingi tano.

Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha mtu ambaye leo Waingereza wanamhesabu kati ya waandishi wao wakubwa kabisa. Kimetoka kitandani, kwa mkono wa mtu mwingine.

Na ngoja niwape utamu kidogo. Yule Padri Lobo, kabla hajaingia Uhabeshi kwa njia ya Bahari ya Shamu, mwaka 1624 alijaribu kwanza kupitia huku kwetu. Alitua Pate, kile kisiwa cha karibu na Lamu, akitafuta njia ya kupanda bara mpaka Uhabeshi, akashindwa, akarudi. Kwa hiyo yule kijana mgonjwa wa Birmingham alipokuwa analala pale, midomo yake ilikuwa inataja Waswahili wa pwani yetu. Sikutegemea kabisa kukutana na Pate kwenye habari za sonona ya Mwingereza.

Baada ya hapo msidhani mambo yalinyooka. Mwaka ule ule wa 1735 aliomba ukuu wa shule moja, wakubwa wa pale wakakataa, na moja ya sababu ikawa kwamba uso wake unajikunja na wanahofia wanafunzi. Shule nyingine nayo ikamkataa kwa hofu kwamba watoto watamwigiza. Akamwoa mjane, Elizabeth Porter, aliyemzidi miaka kama 20, akafungua shule yake mwenyewe kijiji cha Edial. Ikafa, wanafunzi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wao alikuwa David Garrick, ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji maarufu kuliko wote Uingereza. Machi 1737 mwalimu na mwanafunzi wakafunga safari pamoja kwenda London kutafuta maisha.

Kuna watu wanapenda kusema "ulemavu wake ndio uliomsukuma kwenye uandishi, Mungu ana mipango". Mimi nakataa. Kilichomfungia milango ya ualimu sio uso wake, ni watu waliokaa kikao wakaamua uso ule haufai. Uandishi ulikuwa mlango ambao hauulizi umekaaje, kwa sababu msomaji hakuoni. Ni tofauti kubwa hiyo. Hata London hali ilikuwa hivyo hivyo. Kuna kisa kwamba siku moja mhariri Edward Cave alikuwa na mgeni chakulani, mgeni akakisifia sana kitabu kimoja kipya, na mwandishi wa kitabu hicho alikuwa humo humo chumbani, amekaa nyuma ya pazia la mbao na sahani yake, maana nguo zake zilikuwa zimechakaa hakutaka kuonekana. Ndiye Johnson. Anasifiwa yupo, na hayupo.

Mwaka 1746 akasaini mkataba wa kutengeneza kamusi ya Kiingereza, gini 1,500, na wasaidizi sita. Aliahidi miaka mitatu. Ikachukua karibu tisa. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1752, mkewe akafa. Tarehe 15 Aprili 1755 kamusi ikatoka: maneno 42,773, na mifano ya matumizi kama 114,000 aliyoitoa kwenye vitabu vya watu. Oxford, kule alikoondoka na viatu vilivyotoboka, wakampa digrii ya uzamili kabla tu kamusi haijatoka ili iandikwe kwenye ukurasa wa mbele. Mwaka 1756 akakamatwa kwa deni la chini ya pauni sita, mwandishi mwenzake Samuel Richardson akamtoa. Mnaona? Kamusi kubwa vile, na deni dogo vile, ndani ya miezi kumi na kitu.

Sasa nije kwenye ubishi wa diskashen yetu. Kaka mmoja wa mwaka wa pili alisema, "Ndio maana wasanii wote wakubwa wana matatizo, mateso ndio yanazaa kazi." Watu wakatingisha vichwa. Nilimwambia twende na ushahidi, sisi ni wanahistoria. Ushahidi unasema hivi: siku ambazo Johnson alizidiwa HAKUANDIKA. Aliahidi toleo la tamthilia za Shakespeare litoke mwisho wa 1757, likatoka 1765. Miaka ile ya sitini ilikuwa mibaya sana kwake, mpaka mwaka 1766 Bw. na Bi. Thrale walimkuta ana hali ya kutisha, wakamchukua kwao Streatham, wakamtunza kwa miezi. Tena alikuwa anajilaumu. Kwenye sala na shajara zake kila mwaka anaomba msamaha kwa uvivu, anaahidi kuamka mapema, mwaka unaofuata anaahidi tena. Mtu aliyeandika kamusi nzima anajiita mvivu! Sonona inajua kuongea kwa sauti yako mwenyewe, hilo ndilo baya lake.

Kwa hiyo ugonjwa haukumpa vitabu, ulimnyang'anya vingine. Kilichompa vitabu ni mambo ya kawaida kabisa. Tarehe ya mwisho ilikuwa moja. Kuanzia Machi 1750 mpaka Machi 1752 aliandika jarida la The Rambler, kila Jumanne na Jumamosi, matoleo 208, karibu yote peke yake, kwa sababu mchapaji alikuwa anangoja. Shida ilikuwa nyingine. Mwaka 1759 mama yake alipokufa, aliandika kisa cha Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, kwa jioni za wiki moja, apate pesa ya mazishi na madeni ya mama. Na mnaona Uhabeshi umerudi? Mbegu ilitoka kwenye kile kitabu cha Lobo, kile cha kitandani, miaka 24 nyuma. Kazi ndogo ya gini 5 haikupotea.

Na watu. Hilo kubwa kuliko yote. Hector kushika kalamu, Richardson kulipa deni, akina Thrale kumpa chumba. Yeye naye hakula peke yake. Nyumba yake ilijaa watu. Aliishi humo Anna Williams, mshairi kipofu, na Johnson alimsaidia mpaka kitabu chake kikatoka mwaka 1766. Aliishi humo Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica, ambaye Johnson alimsomesha na kumwachia sehemu kubwa ya mali yake. Aliishi humo pia Bi. Desmoulins, binti wa yule Dk. Swynfen aliyetembeza barua yake! Baba alimwumiza, binti alipokuwa maskini akampa mahali pa kulala. Alikufa tarehe 13 Desemba 1784, ana miaka 75, amezikwa Westminster Abbey. Hakuwahi kupona kabisa. Aliishi tu, na akaandika kwenye nafasi zilizobaki.

Jambo moja lazima niliseme, maana nawajua wadau wangu, mtanielewa vibaya. Johnson alitibiwa kwa kutolewa damu na kumeza kasumba, kwa sababu wakati wake hakukuwa na kingine. Sisi tuna kingine. Kuna dawa, kuna washauri nasaha, hospitali za mikoa zina watu wa afya ya akili. Mimi nimekwenda na ninaendelea kwenda, na sioni aibu kuandika hapa. Mtu asisome kisa hiki akasema basi ngoja nilale kama Johnson niwe mwandishi. Lala kama umechoka. Ukiumwa nenda hospitali.

Lakini kwa swali langu la kuanzaje, jibu nimelipata na wala sio la kishujaa. Unaanza na kazi ndogo isiyo na jina lako. Unaanza na mtu anayengoja, sio ulimwengu, mtu mmoja. Na siku mkono ukigoma, unatumia mkono wa mwenzako, na kitabu kinakuwa chako vile vile. Mimi nilikuwa nadhani ukisaidiwa kuandika hujaandika. Mbona kwenye daladala nikishikiwa begi safari inabaki yangu?

Basi wiki mbili zilizopita nilimwomba rumeti wangu, yule dada wa sheria mwenye mwandiko mzuri. Nilimwambia sihitaji anihurumie, nahitaji aandike ninachosema, na asibadili neno. Akauliza, "Hata nikiona umekosea?" Nikamwambia hata ukiona nimekosea, tutabishana mwishoni. Tukaanza. Mimi nimelala, yeye amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, simu inatoa mwanga maana umeme ulikuwa umekatika. Hadithi fupi imefika kurasa 11. Jarida la wanafunzi linafunga kupokea kazi Ijumaa ya wiki ijayo, na mhariri nimemwambia anisumbue kila baada ya siku mbili. Ananisumbua kweli, mpaka nimejuta!

Johnson mwenyewe alimshauri rafiki yake James Boswell, ambaye naye alikuwa na huzuni hizi hizi, kwamba akiwa hana kazi asikae peke yake, na akiwa peke yake asikae bila kazi. Kwa hiyo mlioko hapa jirani, mlango wangu uko wazi jioni, njooni na maandazi. Na kama kuna mwenzangu anayesoma hii akiwa kalala na ana sentensi kichwani isiyotaka kutoka, anitumie ujumbe. Mwandiko wangu mbaya lakini nasikia vizuri, nitamwandikia.

Wenye mtihani Jumatatu, funga hii ukasome. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.